Baraza na Ua

Chake Chake, Pemba, mwanamke humwita mwenziwe "shoga" kwenye kaunta ya duka, na hakuna anayegeuza shingo. Mwite mwanamume hivyo, umemtukana. Nadhani neno lilifika kwa wanaume kupitia uani: aliyekaa na wanawake akawa mwenzao, akaitwa kama wanavyoitana wao.

Maana nyumba ya pwani ilikuwa na mpaka wake. Wanaume barazani, wanawake uani. Na ng'ambo ya bahari, kule Oman walikotoka Wamanga wengi wa mashamba ya karafuu ya Pemba, mtafiti wa Norwe, Unni Wikan, aliwakuta mjini Sohar watu waliovuka mpaka huo. Aliandika habari zao mwaka 1977: makhanithi. Walizaliwa wanaume, majina na haki zao za kisheria zilikuwa za kiume, lakini walikaa na wanawake wasiojifunika mbele yao. Kanzu ya mwanamume ilikuwa nyeupe, nguo ya mwanamke ilikuwa na maua; yao ilikuwa na rangi, bila maua. Wikan akawaita jinsia ya tatu. Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa, alimpinga: pwani, alisema, cheo na mali humpambanua mtu kuliko jinsia.

Mimi linanivuta jambo jingine. Khanithi wa Sohar aliweza kurudi. Akioa, na usiku wa harusi ukathibitisha uume wake, alihesabiwa mwanamume tena, na mlango wa uani ukafungwa mbele yake. Sasa sikiliza Kiswahili: hanithi ni mwanamume asiyeweza tendo la ndoa. Ushahidi ni uleule, wa usiku uleule. (Huntha, mwenye maumbile mawili, ni suala jingine; hilo mafakihi wa Kishafii walilijadili kwenye mirathi.)

Na mbali zaidi, Wazapoteki wa Juchitán, kusini mwa Meksiko, wana muxe: wamezaliwa wanaume, wengi hudarizi, huuza sokoni, huwatunza wazazi uzeeni. Hakuna usiku wa kuwatahini. Lugha yao, kama yetu, haina "yeye" wa kike na wa kiume. Ya kwao hutenganisha mtu, mnyama na kitu, basi. Ndiyo maana siamini kwamba sarufi huamua mambo haya. "Yeye" wetu hakumsaidia shoga.

Ila kwenye ngoma ya mashetani mpaka huvukwa bila tusi. Rubamba, mashetani wa Kipemba, wapo wa kiume na wa kike. Akipanda wa kiume kichwani mwa mwanamke, watu humwamkia mgeni kwa jina lake la kiume, wakamuuliza anataka nini.