Siku Mbili Avignon

Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa kando ya mto Rhône, unafaa kwa matembezi ya siku mbili, kwani vivutio vyake vikuu vimo ndani ya ukuta wa kale wenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Treni ya kasi kutoka Paris huchukua chini ya saa tatu. Kituo chake kiko nje ya mji, lakini treni ndogo humfikisha msafiri katikati kwa dakika chache.

Asubuhi ya kwanza ni ya Kasri la Mapapa, na haifai kuharakishwa. Mapapa waliweka makao Avignon kuanzia 1309 hadi 1377. Kumbi ni kubwa ajabu, ila nyingi ni tupu. Cha kutazama kwa makini ni chumba cha faragha cha Papa Klementi VI, ambacho kuta zake zimechorwa watu wakiwinda msituni na wengine wakivua samaki. Baada ya kasri kuna Daraja la Saint-Bénézet, lililobakiwa na matao 4 tu kati ya 22. Nusu saa inalitosha.

Mwezi Julai hufanyika tamasha la maigizo lililoanzishwa na Jean Vilar mwaka 1947, na hoteli hujaa mapema. Wakati wa baridi huvuma mistral, upepo mkali wa kaskazini, na koti zito halikwepeki.