Mnara wa ghorofa 212 usiokuwepo
Mwezi Agosti mwaka 2020, waliokuwa wakirusha ndege za kompyuta juu ya Melbourne, Australia, waliona mnara mwembamba wa ghorofa 212 katikati ya nyumba fupi za kitongoji. Duniani mnara huo haupo.

Programu ya Microsoft Flight Simulator huunda mandhari kwa picha za angani na takwimu za ramani, zikiwemo za OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote aweza kuihariri. Mchangiaji mmoja, aliyekusudia ghorofa 2, aliandika 212. Kompyuta, isiyojua kushangaa, ikainua kuta. Wachangiaji wengine walikuwa wamekwisha kulisahihisha kosa hilo, ila nakala iliyotumiwa ilikuwa ya zamani.