Mshauri nasaha aijue lugha ya majonzi

MFICHA maradhi, wahenga walituasa, kifo humuumbua. Lakini je, afanyeje mtu aliyekubali kuyafichua maradhi yake, kisha akakosa wa kumwelewa?

Swali hili lilinikabili nilipokuwa katika mafunzo ya nyanjani ya shahada ya uzamili ya ushauri nasaha. Siku moja, mbele ya msimamizi wangu, nilimhudumia mama mzee aliyefiwa na mwanawe. Maswali yangu yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza, nami nikawa nikiyatafsiri papo hapo.

“Mama, wajihisi uko chini?” nikamwuliza.

Akanitazama kwa mshangao. “La, mwanangu, niko hapa kitini.” Kisha akanyamaza.

Msimamizi wangu ndiye aliyeniokoa. “Mama, moyo u mzito?” Hapo machozi yakamtiririka, naye akaanza kueleza yaliyomsibu.

Nilikuwa nimewasoma akina Freud na Rogers na kufaulu mitihani. Hata hivyo, hakuna mhadhara ulionifunza kwamba Mkenya asemaye “nina mawazo” aghalabu hazungumzii fikira bali dhiki, wala kwamba aliyechoka moyo si lazima apelekwe kwa daktari wa moyo.

Shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, lililowaua zaidi ya watu 200, lilidhihirisha jinsi taifa linavyowahitaji washauri. Mwaka 2014, Bunge lilipitisha sheria iliyounda bodi ya kuwasajili washauri na wanasaikolojia. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini cheti cha usajili hakimfunzi mtu kusikiliza.

Wapo watakaodai kwamba vitabu vyote ni vya Kiingereza na kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hiyo haina mashiko. Neno “sonona” lipo, na wagonjwa wenyewe wana hazina ya misemo ambayo hatujajishughulisha kuikusanya. Isitoshe, Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Ninavishauri vyuo vikuu vyetu viwafunze wanafunzi kuhoji na kufariji kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, na viwatahini hivyo kabla ya kuwatunuku shahada.

Lau msimamizi wangu asingalikuwapo siku ile, mama yule angalirudi kwake na mzigo wake wote. Je, ni wangapi ambao wamekwisha kurudi hivyo?