Kamisheni ya bima ya afya: hesabu iko mwaka wa pili

GEITA: Anayeandikisha kaya kwenye bima ya afya vijijini haishi kwa mshahara, anaishi kwa kamisheni. Ndivyo ulivyopangwa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ambao baada ya kujaribiwa Dodoma, Morogoro na Shinyanga ulienezwa nchi nzima mwaka 2018. Kaya ya watu sita ililipa sh. 30,000 kwa mwaka. Mwandikishaji alipiga picha wanakaya kwa simu, akapata fungu lake.

Chukua mfano wa asilimia 10. Kila kaya inaleta sh. 3,000. Nauli ya bodaboda kutoka Geita mjini hadi machimbo ya Nyarugusu ikiwa sh. 6,000 kwenda na kurudi, kaya mbili za kwanza zimeishia barabarani. Faida huanzia kaya ya tatu.

Ugumu uko mwaka wa pili, kadi zinapoisha muda. Kati ya kaya 40, zikihuisha 20 tu, inabidi zipatikane 20 mpya ili kipato kibaki sh. 120,000 zile zile. Wachimbaji wadogo huhama dhahabu inapoibuka kwingine, na aliyekosa dawa zahanati halipi tena. Kamisheni ya mwandikishaji inategemea kabati la dawa ambalo ufunguo wake hana.

Mwenye duka anayetaka kuongeza uwakala wa bima za kampuni ajue kuwa leseni ya TIRA hulipiwa kwanza, kamisheni hufuata mauzo. Ahesabu watakaohuisha, si watakaojiunga.