Kabla hujalivalisha gari lako viatu vikubwa

Bila shaka umeyaona magari hayo barabarani. Yameinuliwa hadi mtoto hawezi kuingia bila kubebwa, na matairi yametokeza nje ya madigadi kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Yanapendeza, siwezi kukataa. Hata mimi hugeuza shingo yakipita.

Binamu yangu mmoja anayeishi Nairobi alishikwa na homa hiyo. Ana Prado kuukuu, ya kizazi kile kilichotengenezwa kati ya 1996 na 2002, na sababu aliyoitoa ilikuwa na maana. Kwao ni Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, na masika yakianza udongo mweusi wa huko hugeuka gundi. Basi akaliinua gari kwa inchi 2 kwa kulibadilishia springi na shokomzoba, akang'oa matairi ya 265/70R16 na kutia ya 285/75R16, ambayo kimo chake ni karibu inchi 33. Gereji iliyofanya kazi hiyo ilipokea pesa na kumtakia safari njema. Kuhusu gia haikusema neno.

Mwezi wa Aprili tulisafiri naye kwenda mazishini, watu wazima watano na watoto wawili. Wakati wa kwenda tuliona gari ni zito kwenye miinuko, tukalaumu mizigo. Tulipoteremka kutoka Kisii kuelekea ziwani, niligundua kwamba binamu anakanyaga breki kwa nguvu na mapema kuliko kawaida yake. Sikusema kitu, maana watoto walikuwa wakisikiliza.

Taabu ilikuja wakati wa kurudi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kisii iko karibu mita 1,700. Ukitoka mjini Homa Bay, basi, unapanda zaidi ya nusu kilomita kwenda juu kabla ya kufika Kisii. Tulipopita Rodi Kopany gari lilianza kusitasita. Gia za otomatiki zilipanda hadi ya nne, zikashuka hadi ya tatu, zikapanda tena, kama mtu asiyejua anataka nini. Kufika Rongo, ambako barabara ya Homa Bay hukutana na ile ya Migori, tukasikia harufu ya mafuta yaliyoungua. Tukaegesha.

Fundi tuliyempata chini ya mti hakufungua hata boneti. Aliyatazama matairi, akatikisa kichwa, akasema, "Ndugu yangu, umemvalisha mtoto viatu vya babake, halafu unamwambia apande mlima." Kisha akamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa karibu na kutuonyesha gia ya mnyororo kwenye gurudumu la nyuma. Kijana huyo hubeba magunia, kwa hivyo alikuwa ameweka gia yenye meno mengi zaidi ili pikipiki iwe na nguvu mlimani. "Huyu ameongeza meno," fundi akasema. "Wewe umefanya kinyume chake, na hukujua."

Hapo ndipo pana siri ambayo wauzaji wengi wa matairi hawaitaji. Ukibadilisha kimo cha tairi umebadilisha gia, hata kama hukugusa gia.

Hebu chukua penseli, na kama una mwana aliye shule ya upili mwite akusaidie. Tairi la 265/70R16 lina upana wa milimita 265, na ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo. Zidisha ubavu mara mbili, ongeza rimu ya inchi 16, utapata kimo cha milimita 777. Lile la 285/75R16 linafika milimita 834. Tairi la kwanza huzunguka kama mara 409 katika kilomita moja, la pili mara 382. Tofauti ni asilimia 7.

Asilimia 7 ni kidogo? Kipima mwendo huhesabu mizunguko na hakijui kwamba umebadilisha tairi. Kikikuonyesha kilomita 100 kwa saa, kwa kweli unakwenda 107. Kikionyesha 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mijini nchini Kenya, unakaribia 54, na askari wa trafiki mwenye kamera hatakubali hadithi ya matairi. Injini nayo inapewa kazi nzito zaidi, kwa sababu tairi kubwa halina kimo tu, lina uzito pia. Na breki, ambazo ni zilezile za zamani, zinashindana na gurudumu lenye mkono mrefu zaidi. Ndiyo maana binamu alikuwa akikanyaga vile kwenye mteremko.

Dawa yake iko kwenye difu. Ndani ya difu mna gia kubwa, krauni, na gia ndogo, pinioni. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, uwiano ni 4.10, yaani propela huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ikiwa gari lako lina 4.10 na umeongeza kimo cha tairi kwa asilimia 7, unahitaji takriban 4.40 ili nguvu irudi ilivyokuwa. Uwiano unaopatikana kwa difu nyingi za Toyota ni 4.30 au 4.56. Kwa mtu anayebeba familia na kupanda milima ya Gusii, mimi ningechagua 4.56. Lakini sikiliza vizuri: ni lazima ubadilishe difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Zikitofautiana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana hadi kitu kivunjike. Na kazi hiyo si ya kila fundi. Meno yasipopangwa kwa kipimo, difu italia kama nyuki na mwishowe kusagika.

Na kule kuinuliwa kulimfaa nini? Springi ndefu huinua bodi, lakini difu ya nyuma ya Prado inabaki palepale ilipokuwa, karibu na mawe. Kinachoiinua ni tairi peke yake, na hayo makubwa yaliiinua kwa chini kidogo ya sentimita 3. Badala yake kitovu cha uzito kilipanda, na gari la namna hiyo hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona. Bomba za breki nazo huvutika zikiwa fupi, na taa humulika machoni mwa wenzako.

Sisemi kwamba hakuna anayehitaji gari kama hilo. Nenda Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, ambako korongo wa mwisho wa Kenya wanaishi katika kilomita 120 za mraba, uone udongo wake baada ya mvua. Lakini hata huko, kabla ya kutumia pesa nyingi, jaribu kupunguza upepo. Ukiushusha kutoka 35 hadi kama 20 tairi hutanuka na kushika vizuri mahali palipo laini, mradi uende polepole na kuujaza tena ukifika lami. Kisha tia matairi ya matope yenye kimo kilekile cha kiwandani. Land Rover za zamani zilipita kwenye matope hayo zikiwa na matairi membamba ya 7.50-16, na gia nzito za kutosha.

Binamu alibadilisha mafuta ya giaboksi, na kwa bahati haikuwa imeharibika. Kuhusu difu alipiga hesabu na kuona bei inamshinda, akauza yale matairi na kununua ya 265/75R16. Haya yamezidi yale ya kwanza kwa asilimia 3 hivi, na gari halilalamiki. Lakini tairi la akiba lililo kwenye mlango wa nyuma bado ni lile la inchi 33. Prado hiyo huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na siku atakapolifunga hilo moja pamoja na madogo matatu, difu ya katikati itakuwa ikisagana safari nzima. Nimemwambia mara mbili sasa. Anasema linapendeza likiwa pale nyuma.