MKOPO WA ELIMU YA JUU: HATI ZITAYARISHWE KABLA YA TANGAZO

Kila unapokaribia mwaka mpya wa masomo, vijana waliomaliza kidato cha sita hukabiliwa na suala moja zito: ada ya chuo itapatikana wapi? Katika shehia ya Chokocho, Wilaya ya Mkoani, ambako uvuvi na kilimo ndio tegemeo la kaya nyingi, suala hilo si la kijana peke yake. Ni la mama, la ami, la jirani, na mara nyingine la mtaa mzima.

Njia ya msaada wa Serikali ipo. Hata hivyo, ni vyema wananchi wafahamu kwamba mkopo hautolewi kwa sababu mwombaji ana dhiki tu, bali kwa sababu dhiki yake imethibitishwa kwa hati. Kijana anaweza kuikosa haki yake ilhali kila mtu kijijini anajua kuwa anastahiki.

Bodi mbili

Mkaazi wa Zanzibar ana milango miwili ya kubisha. Wa kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Nambari 3 ya mwaka 2011. Wa pili ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Jamhuri ya Muungano, iliyoundwa kwa Sheria Nambari 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Kwa kuwa elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, kijana wa Pemba ana haki ya kuomba katika Bodi hiyo kama alivyo kijana wa Tanga au Mwanza. Asichoruhusiwa ni kupokea mikopo ya bodi zote mbili kwa wakati mmoja.

Aidha, ieleweke kuwa kuomba nafasi ya chuo na kuomba mkopo ni mambo mawili mbalimbali. Aliyepata chuo bila ya kuomba mkopo hatapewa mkopo, na aliyeomba mkopo bila ya kupata chuo hatapangiwa fedha.

Jina liwe moja

Maombi ya Bodi ya Muungano hufanywa kwa njia ya mtandao, na ada yake katika miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000. Mwombaji hutambuliwa kwa nambari yake ya mtihani wa kidato cha nne. Majina yaliyomo katika cheti hicho hulinganishwa na yale ya cheti cha kuzaliwa, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Cheti kimoja kinasema Khamis, kingine Hamisi. Kimoja Fatma, kingine Fatuma. Skuli imeandika jina la babu, na cheti cha kuzaliwa kimeliacha. Kwa watu wa nyumbani hayo ni jina moja, lakini kwa anayepitia maombi ni watu wawili.

Mwenye tofauti kama hiyo asisubiri tangazo. Aende mapema katika afisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ambao ndio wenye dhamana ya vyeti vya kuzaliwa na vya vifo hapa Zanzibar, aelekezwe namna ya kusahihisha au kiapo kinachotakiwa. Asiyekuwa kabisa na cheti cha kuzaliwa ana sababu kubwa zaidi ya kuharakia.

Aliyezikwa bila ya cheti

Ichukuliwe kwa mfano hali ya msichana aliyefiwa na baba yake akiwa darasa la tano. Baba alifariki nyumbani, akazikwa alasiri ya siku ile ile, na sheha alikuwapo makaburini. Tangu siku hiyo msichana amesomeshwa na ami yake. Hakuna mtu Chokocho asiyejua kuwa yeye ni yatima. Lakini kifo kile hakikusajiliwa. Anapojaza fomu, hana cha kuambatanisha, na kwa Bodi baba yake ni mtu aliye hai anayetarajiwa kumlipia.

Uyatima ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa sana katika kupima uhitaji wa mwombaji. Pia huzingatiwa ulemavu wa mwombaji au wa mzazi, uliothibitishwa na mganga mwenye mamlaka, pamoja na hali ya kaya inayosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Kila moja lina hati yake, na pasipo na hati halihesabiki.

Kwa hivyo, familia zinakumbushwa kuwa kusajili kifo si jambo la warithi na mashamba pekee. Ni akiba ya mtoto aliyebaki. Na iwapo miaka imepita, usajili wa kuchelewa unawezekana, ila unahitaji muda. Anayetoka Kisiwa Panza kufuata hati atavuka kwa mashua hadi Chokocho, kisha atafute gari ya kwenda Mkoani, na huenda akatakiwa arudi siku nyengine. Safari hizo hazitoshi ndani ya wiki ya mwisho ya maombi.

Sheha, mdhamini na kiapo

Fomu ya maombi hutiwa saini na mwombaji, na mdhamini wake, na kiongozi wa eneo analoishi, ambaye kwa Zanzibar ni sheha, kisha huthibitishwa mbele ya hakimu, wakili au kamishna wa viapo. Kurasa zilizotiwa saini hurejeshwa mtandaoni. Ukurasa mmoja uliosahaulika unaweza kuyafanya maombi yote yahesabiwe hayajakamilika.

Masheha wanaombwa kuipa kazi hii uzito wake. Saini ya sheha ni ushahidi. Haifai kunyimwa anayestahiki kwa kisingizio cha shughuli, wala kupewa asiyestahiki kwa sababu ya ujamaa. Walimu wakuu na watumishi wengine wa umma nao wanaweza kusaidia sana kwa kuwaita vijana wa kidato cha sita kabla hawajatawanyika, wakakagua vyeti vyao pamoja.

Baada ya majibu

Mkopo unaweza kuhusu chakula na malazi, ada, vitabu, mahitaji maalumu ya fani, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Kwa wanafunzi wa Bodi ya Muungano, fedha za chakula na malazi zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024. Si kila mwombaji hupangiwa kiwango kamili cha ada, hivyo familia ijiandae kwa sehemu inayobaki. Asiyeridhika na alichopangiwa asikate tamaa, kwani dirisha la rufaa hufunguliwa, na hapo pia kinachosikilizwa ni hati.

Mwisho, mkopo ni deni wala si zawadi. Kwa sheria ya Bodi ya Muungano, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, na mwajiri ana wajibu wa kukata na kuwasilisha fedha hizo. Kwa familia zinazochelea deni lenye nyongeza, ifahamike kuwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Anayelipa humfungulia njia kijana mwengine aliye nyuma yake.

Wazazi na vijana wanashauriwa wasingoje tangazo. Leo hii kila nyumba ilitoe sanduku la vyeti, ivisome kimoja kimoja, na ijiulize: majina yanalingana? Kipi kinakosekana? Jawabu likipatikana mapema, tangazo litawakuta tayari.