Sumu ya mti yafunzwa kubagua seli za saratani

Je, umewahi kujiuliza kwa nini mgonjwa anayetibiwa saratani kwa dawa za kemikali hunyonyoka nywele na kutapika? Nyingi ya dawa hizo huua seli yoyote inayogawanyika haraka, iwe ya uvimbe au ya mzizi wa unywele. Hazibagui.

Mfano ni maytansine, sumu iliyotangazwa mwaka wa 1972 na mwanakemia Morris Kupchan wa Marekani baada ya kuipata katika mti wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Mti wa jamii hiyo hiyo ulipatikana hapa kwetu, Shimba Hills, na zaidi ya kilo 27,000 zikavunwa miaka ya 1970 kwa ajili ya utafiti wa Marekani. Hasara tupu! Wagonjwa waliojaribiwa waliharisha, walitapika na mishipa yao ya fahamu ikaathirika, huku uvimbe ukipungua kwa wachache tu.

Sumu hiyo ilihitaji kiongozi. Katika takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya matiti, seli za uvimbe hujaa kupita kiasi protini iitwayo HER2. Trastuzumab, kingamwili iliyotengenezwa maabarani, huitafuta protini hiyo na kuing'ang'ania. Wanasayansi waliifunga kwenye kingamwili hiyo sumu ya jamii ya maytansine, ambayo siku hizi hutokana na bakteria wala si miti.

Ugumu ulikuwa kwenye kifungo chenyewe: kikikatika ndani ya damu, sumu husambaa mwilini kama zamani. Kilichoteuliwa hudumu mpaka seli ya saratani imeze mzigo wote na kuusaga. Hapo sumu hufunguka, huvuruga nyuzi ambazo seli hutumia kugawanyika, nayo hufa.

Dawa hiyo, T-DM1, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2013. Katika utafiti wa wagonjwa ambao saratani ilikuwa imeenea, nusu ya walioitumia waliishi zaidi ya miezi 30.9, ikilinganishwa na miezi 25.1 kwa waliopewa dawa nyingine. Hiyo si kupona, na bado inaweza kudhuru ini na kupunguza chembe zinazogandisha damu. Bei yake nayo inatisha.

Ukipatikana na saratani ya matiti, muulize daktari wako kama kipande kilichotolewa kimepimwa HER2. Bila kipimo hicho, hakuna ajuaye kama dawa ya aina hii itakufaa.